Kufuli Nililoliondoa

Kasingirima, Jumatano, baada ya magharibi

Bado namwona yule mama wa Kirundi. Asubuhi alisimama mbele ya meza yangu kwenye mapokezi ya wakimbizi, akasema binti yake Chantal ameandikwa kwenye familia ya watu wengine, na amepelekwa nao kambi ya mbali.

"Dada, karatasi inasema sina mtoto. Nimemzaa mimi."

Nikamjibu kwamba mashine haikosei. Nilisema hivyo kweli.

Mchana nililiona kosa, na ni langu. Mwezi uliopita nilipanga upya msimbo wa kiini cha mfumo wetu wa kompyuta, ile sehemu inayosimamia kumbukumbu ambayo madawati yote ya mapokezi pale bandarini Kibirizi yanaitumia kwa pamoja. Kulikuwa na kufuli la kuzuia madawati mawili yasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nililiona la ziada, nikaliondoa. Msimbo ukawa mfupi, nikajisifu. Ndivyo jina la Chantal, lililoandikwa na dawati moja, lilivyoangukia kwenye familia iliyokuwa ikiandikwa na dawati la pili.

Nimelirudisha. Kambi ile imepigiwa simu. Chantal yupo, mzima, analetwa kesho. Mama yake alinishika mikono akalia. "Imana iguhe umugisha, dada." Mungu anibariki, mimi! Nilishindwa kumwambia kwamba kosa ni langu.

Kesho nitamweleza mkuu wangu yote, anifanye atakavyo. Hilo haliniogopeshi.

Jina lililoandikwa juu yake jina jingine hufutika, haliachi alama yoyote kwenye mfumo. Chantal alikuwa na mama wa kuja kumdai. Ninaowafikiria ni watoto walioshuka botini peke yao.