Sahani ya Mburugu Mdogo

Ruring'u, Nyeri
6 Oktoba 1996

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mwanao Gladwell Nkatha, pamoja na Wamae na wajukuu wako wawili. Huku kwetu tunaamka salama, ila baridi imekataa kuondoka. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye madirisha na nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka. Nauliza juu ya hali yako. Goti lako linaendeleaje? Je, dawa ya presha unaimeza kila siku, au unaimeza tu siku ile kichwa kinapouma? Nasikia kahawa huko Meru imezaa vizuri mwaka huu. Naomba usipande mwenyewe ile miteremko. Mwachie kaka Kathurima aende na wachumaji, wewe ukae chini uwahesabie makosa.

Barua hii ni ndefu, Baba, na ningeweza kungoja Krismasi nikuambie kwa mdomo. Lakini nikisimama mbele yako maneno hunipotea, nawe una desturi ya kunikatiza. Kwenye karatasi hutaweza. Nimeandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha tulipokuwa darasani kwako, na ukikuta makosa tafadhali usichukue kalamu nyekundu mpaka umefika mwisho.

Theuri yuko darasa la tano na anapenda hesabu. Mwenye jina lako, Mburugu mdogo, yuko darasa la kwanza na anapenda kuongea. Yule unamjua. Unajua pia shida yake, ingawa mara ya mwisho ulicheka ukasema mjukuu wako ana tumbo la Mzungu. Sikukasirika. Hata mama mkwe alisema nimemdekeza. Lakini daktari wa Nairobi tuliyempelekea alimdunga mkono kwa visindano vidogo, na pale palipowekwa maziwa, mayai na karanga pakavimba kama ameumwa na nyuki. Alitueleza kwamba hiyo ni aleji: mwili wa mtoto unakiona chakula hicho kama adui na kuanza kupigana, na katika vita hivyo mwenye kuumia ni mtoto mwenyewe. Kwa karanga, alisema, hata kidogo sana kinatosha. Akanipa dawa ya sindano ya kubeba mkobani, akanifundisha kuidunga pajani, akaomba Mungu nisije nikaihitaji.

Basi ndivyo tunavyoishi. Baba yake anafanya kazi kwenye ushirika wa maziwa huko Mweiga, na mtoto hawezi kunywa maziwa hata kijiko kimoja. Kanisani wakiandaa chakula, yeye hula kwenye mkebe niliomfungia. Kwenye harusi, mkebe. Watoto wenzake humwita Mkebe. Yeye hucheka nao, lakini mimi ni mama yake na ninajua kicheko chake na ninajua kile ambacho si chake.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, ushirika uliwachukua wafanyakazi na jamaa zao kwenda kutembea. Tulipelekwa mahali papya upande wa Naro Moru panapoitwa Bustani ya Kifaru. Hujawahi kupaona mahali kama pale, Baba. Kuna gari moshi dogo linalozunguka bwawa, kuna farasi wa mbao wanaopanda na kushuka, kuna nyumba kubwa ya mpira iliyojazwa upepo ambamo watoto wanarukaruka wakitoka jasho. Kifaru mwenyewe ni wa saruji, amesimama langoni, na watu wanangoja zamu kupigwa picha juu yake. Na kuna mikahawa mitatu, kila mmoja umepambwa kwa namna yake.

Mkebe nilikuwa nimeubeba kama kawaida, wenye nduma za kuchemsha na nyama. Lakini tulipofika, mtoto akanishika gauni akaniuliza kama leo anaweza kuagiza. Sikumwelewa mara moja. Akasema, "Kuagiza, Mama. Mtu anauliza unataka nini, na wewe unasema." Alikuwa na miaka saba na hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, isipokuwa mimi, anataka kula nini. Wamae aliniangalia, nami nikaona kwamba yeye alikuwa ameshakubali. Nikaurudisha mkebe mkobani.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa umejengwa kama meli, na kila kitu kilichotoka jikoni kilikuwa kimechovywa kwenye mayai kabla ya kukaangwa. Wa pili, mama mwenye mkahawa alinisikiliza vizuri, akafikiri, akaniambia kwa ukweli kwamba hata chapati zake hukanda kwa maziwa, na kwamba afadhali asichukue dhambi hiyo. Nilimshukuru. Mburugu alikuwa anatembea nyuma yetu, na Theuri, ambaye alikuwa na njaa, alimshika mkono. Hapo nilitaka kusema tukae kwenye nyasi tufungue mkebe. Lakini Wamae alisema umebaki mmoja.

Wa tatu ulikuwa umeezekwa kwa nyasi, na ndani mna vibuyu na ngao ukutani ili wageni wadhani wako kijijini. Mhudumu wetu aliitwa Moffat, kijana mwenye adabu. Nilipomweleza alishangaa sana. "Ati maziwa, mayai na karanga? Sasa madam, huyu mtoto anaishi na nini?" Nikamjibu kwamba anaishi na Mungu na mimi. Alicheka, kisha akaona sicheki, akaenda jikoni kuuliza. Alirudi, nikamtuma tena aulize juu ya mafuta na mchuzi, akaenda bila kununa. Akasema wali ni wa Mwea, umechemshwa kwa chumvi na mafuta ya mahindi, na mbuzi amepikwa kwa nyanya na vitunguu tu. Kisha, bila mimi kumwambia, akainama mbele ya mtoto akamwuliza, "Na wewe mzee, utakula nini?"

Mburugu alikaa wima. Akasema, "Naomba wali na mbuzi, tafadhali. Na soda nyeusi." Baba, sijui nikuelezeje uso wake. Wamae aligeuka akajifanya anaangalia ngao ukutani.

Moffat hakutudanganya, nataka ulijue hilo. Chakula kilikuwa kama alivyosema. Lakini pembeni mwa sufuria ya mbuzi palikuwa na sufuria ya mboga zilizoungwa kwa karanga za kusaga, na mtu wa jikoni, katika haraka ya mchana, alipakua mboga kisha akapakua mbuzi kwa upawa uleule. Hiyo tu. Hayo tuliyajua baadaye.

Mtoto alikula kidogo akaweka kijiko chini. Akaanza kujikuna shingo. Akasema, "Mama, koo linaniwasha," na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Nilipomgeuza kuelekea kwenye mwanga midomo ilikuwa inavimba nikiitazama. Nikaitoa sindano. Wamae akanishika viwiko, nami nikamdunga pajani juu ya suruali kama nilivyofundishwa. Wamae akambeba mbio hadi kwenye pikapu ya ushirika. Moffat, akiwa bado na aproni yake, akapanda nyuma ili atuonyeshe njia ya zahanati iliyo karibu, na njia nzima alikuwa akigonga kioo akisema, "Kushoto! Kushoto tena!"

Mimi nilikuwa nimempakata mtoto kiti cha mbele. Dawa ilikuwa haijashika sawasawa. Macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, vidole vinakuna koo, na kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba.

Baba, sauti ile nilikuwa nimeisikia kabla.

Nadhani umeshajua ninaelekea wapi. Naomba usiiweke barua chini.

Nilikuwa na miaka kumi Nthiga alipokufa. Nilikuwa pale jikoni. Namkumbuka ndugu yangu akiwa kwenye mapaja ya Mama, amevimba midomo hata hakufanana na yeye, anajikuna shingo, na mluzi uleule unatoka kooni. Nakumbuka ulimbeba ukakimbia naye barabarani, na nakumbuka ulivyorudi ukitembea. Na nakumbuka kikombe cha uji alichokunywa, uji ambao Shangazi Nkirote alimkorogea kwa karanga alizokuja nazo kutoka kwa rafiki yake wa Tharaka, kwa sababu Nthiga alikuwa mwembamba naye alitaka anenepe.

Watu walisema Shangazi ametia sumu. Walisema mwanamke asiyezaa akimshika mtoto wa mwenzake moyo wake hubadilika. Ulisema mbele ya ukoo wote kwamba dada yako asikanyage tena uwanja wako, awe hai au akiwa maiti. Mama aliingia kaburini akiamini hivyo, na mimi pia niliamini. Niliamini mpaka siku ile ya pikapu.

Kwenye zahanati tulimkuta daktari kijana, Kihara. Alimwongezea mtoto dawa na kumwekea hewa, na pole pole mluzi ukaisha, uso ukarudi. Mburugu alipoweza kusema aliniuliza kama wamemtupia chakula chake. Nilimjibu kwamba ndiyo. Akauliza kama ataweza kuagiza tena siku nyingine. Nilimwambia tutaona, na hata leo namwambia hivyo hivyo. Moffat alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, analia kama mtu aliyefiwa, akiniomba msamaha kwa kosa la mtu mwingine. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono. Nikajikuta nafikiri: kama mtoto huyu angekufa, na kama nisingekuwa na neno aleji, ningemwangalia kijana huyu aliyebeba sahani kwa jicho gani maisha yangu yote?

Ndipo nikamfuata daktari nikamweleza habari za Nthiga, kila kitu, mpaka uji. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona na aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Lakini alisema ugonjwa huu hupita katika damu ya jamaa, na kwamba kama mtoto angeletwa kwake akiwa vile, baada ya kula karanga, yeye hangetafuta mtu wa kulaumu. Angetafuta sindano.

Sasa ninaungama, Baba. Nilikwenda Mwea. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ungeninyima, na sikutaka kukukaidi baada ya kusikia sauti yako.

Shangazi Nkirote amekuwa huko miaka hii yote, analima mpunga kwenye shamba la skimu ya umwagiliaji. Nilimkuta amesimama kwenye maji, gauni limefungwa magotini. Amezeeka lakini anatembea kama wewe, bega moja mbele. Hakunijua. Nilipotaja jina langu alitoka majini, akanawa miguu kwa makini sana, kisha akaniuliza nani amekufa.

Nilimwambia hakuna aliyekufa. Nikamsimulia habari za Mburugu mdogo, nikamaliza na maneno ya daktari. Nilidhani atafurahi. Nilidhani atalia, au atakutukana. Alilifungua gauni magotini akalishusha, ndipo akasema, "Kwa hivyo ni karanga zangu. Ni mkono wangu bado." Niliona kwamba nimemwondolea mzigo mmoja nikamtwika mwingine. Nikamwambia tu kwamba karanga zile alizileta kwa mapenzi. Akajibu kwamba hilo alilijua yeye siku zote, ila hakukuwa na mtu mwingine wa kulijua pamoja naye. Tangu siku ile, aliniambia, hajawahi kumpikia mtoto wa mtu yeyote. Watoto wa jirani wakija anawapa ndizi mbivu kutoka mkunguni, ambazo hakuna mkono uliozipika.

Sikulaumu, Baba. Ulikuwa na mtoto aliyekufa mikononi mwako, na hukuwa na jina la kitu kilichomuua. Watu wakakupa jina, nalo lilikuwa la dada yako. Hata mimi, ningekuwa wewe, ningelipokea. Lakini sasa tuna jina lingine, na siwezi kujifanya sijalisikia.

Nilimwuliza anataka nikuambie nini. Alisema hataki kuombwa msamaha. Ninyi wawili ni wazee na msamaha ni mzito kuubeba kwa mikono miwili ya uzeeni. Anataka jambo moja: kuona mahali Nthiga alipolala. Hakuzikwa mbele yake, na hajui hata ni upande gani wa shamba.

Kwa hiyo tunakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, Wamae, watoto, mimi, na Shangazi. Nimeshamwahidi. Ukiona huwezi, niandikie au umtume Kathurima aniambie, nami nitakuja naye hivyo hivyo tusimame barabarani, nimwonyeshe kwa kidole kutoka ng'ambo ya ua. Lakini ukiona unaweza, naomba usimtume mtoto wala kijana wa kazi. Njoo mwenyewe utufungulie lango, kisha utangulie mbele yake mpaka pale, kwa sababu wewe ndiye uliyechimba kaburi lile.

Nisalimie Kathurima na mkewe, nisalimie majirani wote wanaouliza habari zangu, na yule mzee wa kanisa anayekuletea gazeti. Wamae anasema anakuheshimu na kukuombea goti. Theuri anakuletea matokeo yake ya mtihani. Mburugu mdogo anataka ujue kwamba aliagiza chakula mwenyewe, na kwamba alisema tafadhali.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Gladwell Nkatha