Kabla Hujasaini Nyumba ya Kiseke

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mkolani hatujambo. Babu yako kikohozi kimepungua, ameanza tena kugombana na kuku wangu.

Sasa hiyo nyumba ya Kiseke. Unasema bei mnaiweza, shuleni na sokoni watoto wataenda kwa miguu, ila muuzaji anataka msaini Jumamosi, ndani, bila mtu mwingine. Hapo nilivua miwani.

Mimi na babu yako tulipata nyumba kama hiyo Nyegezi, nikiwa na mimba ya mama yako. Muuzaji alifunga mlango, akatandaza karatasi, akasema kuna mteja mwingine yuko njiani. Babu yako akashika kalamu. Nikasema nina kiu, nikatoka kuomba maji kwa jirani.

Yule mama alinipa maji, akanitazama. "Mnanunua? Mbona hatujaitwa kuonyesha mipaka? Na Mama Kulwa anajua?"

"Mama Kulwa ni nani?"

"Mke wake. Yuko shambani."

Nilikimbia na tumbo langu lile. "Mathias, weka kalamu chini!"

Muuzaji akasema majirani wana wivu tu. Ndipo tukasikia jembe likiegemezwa ukutani, na sauti ya mwanamke: "Kumbe tuna wageni! Ngojeni niwapikie."

Alitupikia viazi. Tulikula, tukaaga bila kusaini.

Jumamosi iache kalamu nyumbani. Nenda na kiu, upige hodi kwa jirani.

Bibi yako