Kwa Mabula, Niliyemfundisha Kupima kwa Hatua

Mwanangu Mabula,

Barua hii siiweki kwenye bahasha kwa sababu sina pa kuipeleka. Naiacha wazi aisome yeyote, hata wale ambao wangependa nisiiandike. Leo ni wiki ya tatu tangu nyumba yako ya shuleni ikutwe na kufuli kwa nje, na baiskeli yako ikiwa ndani. Wapo wanaosema walikuona Dumila ukipanda basi la Dodoma. Natamani sana kuwaamini. Lakini Dumila ni mbali mno kwa miguu, na wewe ulikuwa huendi hata kisimani bila baiskeli ile.

Nakumbuka siku uliyokuja kwangu Kilosa mara ya kwanza. Ulikuwa umevaa katambuga za matairi, na fimbo yako uliiegemeza nje ya mlango kwa adabu. Ulimaliza kidato cha nne ukiwa na ndevu tayari. "Shikamoo mwalimu," ukasema. "Nataka kusomea ualimu. Kwetu hakuna hata mmoja." Ulisema kweli. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwahi kumwona mwalimu aliyetoka kwa wafugaji wa kule bondeni. Watoto wenu walikuja masika, wakapotea kiangazi, nasi tukawaandika watoro na kuendelea na wengine. Mimi mwenyewe niliwaandika, kwa wino mwekundu.

Nikaenda kwenu; baba yako alinipa maziwa na kigoda, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, ng'ombe nimwachie nani?" Nikamjibu kwamba wa kuchunga atapatikana, ila watoto wa wafugaji hawana wa kuwasemea shuleni. "Haya, nimekukabidhi," akasema. Nilitoka pale nimejaa furaha, wala sikupima uzito wa neno lile.

Tukaanza kazi. Kila Jumamosi mchana ulisimama barazani kwangu, mbele ya watoto wa majirani, ukijifunza kuandika ubaoni bila mistari kupanda mlima. Sauti yako ilisikika mpaka sokoni. "Hawa ni watoto, Mabula, si ng'ombe," nilikuambia. Ukacheka: "Ng'ombe wanasikia zaidi, mwalimu." Siku ya kwenda chuoni nilikusindikiza hadi Mikumi. Ulivaa suruali ya mitumba niliyokukunjia pindo mwenyewe, nayo ilikuwa bado ndefu. Basi la Iringa lilipoondoka nililia, na sikuona aibu.

Ulipohitimu, ni mimi niliyekwenda kumwomba afisa elimu akupangie kijiji kile. Ni kijiji cha mama yangu, huko huko bondeni. Ndugu zangu wanalima pale mpunga na mahindi tangu enzi za babu zetu. Nilidhani watakupokea kwa ajili yangu, na kwamba wakikuona umeshika chaki wataacha kuwaogopa watu wenu.

Na ni mimi niliyekuambia kuhusu ramani. Darasa la nne huchora ramani ya kijiji, nawe ulitaka kuinakili ya kitabuni. Nikakukataza. "Watoe watoto nje," nikasema. "Wahesabu hatua kutoka shuleni hadi mtoni, wapite mipaka ya mashamba, ndipo wachore." Ndivyo nilivyofundisha miaka yote. Ila mimi ni binti wa pale. Enzi nafundisha pale, nilipopita kwenye mipaka na darasa langu, watu waliniita nikale muhogo. Sikukumbuka kwamba siku hizi, tangu biashara iwe huria, kila mgeni anayepima ana mnunuzi nyuma yake. Wakulima wa bondeni wanajua shamba limeuzwa pale wanapokuta vigingi. Wakakuona wewe, mtoto wa mfugaji, ukikata mashamba yao kwa hatua, daftari mkononi.

Kaka yangu Salumu alikuja kuniambia, "Dada, huyo mwalimu wako anawapimia wenzake njia ya ng'ombe." Nikamcheka. Kisha ikaja barua yako, fupi: "Mwalimu, nawaamkia wazee, hawaitikii." Neno hilo lilipaswa kuniamsha. Mzee anayekataa kukuitikia marahaba ameshakutoa katika hesabu ya watu wake. Nami nikakujibu, "Vumilia, endelea na somo." Nikaona nimekushauri vyema.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa nilikuja. Ramani ya watoto ilikuwa mezani kwa mwenyekiti, mto umepakwa buluu, njia za mifugo nyekundu. Mwenyekiti akauliza nani alikufundisha kupima mashamba ya watu. Ulinitazama. Hukunitaja, Mabula. Ulingoja nijitaje mwenyewe. Wajomba zangu walikuwa mbele, Salumu pembeni yao, nami nikasema, "Nitalifuatilia." Neno la ofisini, kama vile sikujui. Uliinamisha kichwa. Siku ya tatu yake kufuli likawa mlangoni.

Baba yako amekuja mara mbili. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Yuko wapi?" Mara ya pili alikuja na wanaume kumi, wakasimama barabarani mbele ya nyumba yangu. Bondeni hakuna anayekwenda shambani peke yake sasa, na wanawake wameanza kuwapeleka watoto kwa ndugu zao Kilosa. Naogopa. Kuna jambo linakuja, na kila mtu anapita mbali nalo bila kulitaja.

Kesho kuna mkutano mwingine. Leo asubuhi Salumu alikuja, nikampa chai, nikamwambia nitasimama na kusema kwamba mimi ndiye niliyekutuma kupima, kwamba ilikuwa ni somo tu.

"Usiende, dada," akasema. "Yamekwisha hayo."

"Hayajaisha. Mabula akirudi nitamtazamaje?"

"Harudi yule," akajibu upesi.

Nikamuuliza amejuaje. Alikitazama kikombe chake, akakiweka chini kikiwa kimejaa, akatoka bila kuaga.

Mwanangu, Salumu ni wa tumbo moja nami. Nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Nimekaa hapa mpaka adhuhuri nikijaribu kulipa jibu lake maana nyingine, na sijaipata. Nikinyamaza tena, nitakuwa nimekukana mara mbili. Nikisema, sijui baba yako na wale wanaume watafanya nini, wala ndugu zangu watanifanya nini mimi.

Nitakwenda. Nitaeleza kuhusu ramani, na sitaficha kwamba ni mimi. Kisha nitamwomba kaka yangu asimame mbele ya watu wote na mbele ya baba yako, aseme amejuaje.

Kama uko mahali unapoweza kusoma, nisamehe, na uniletee neno moja tu kabla ya kesho.

Ni mimi mwalimu wako,
dada yake Salumu.