Pulovere ya Baba

Mujukuu wangu Kabibi,

Huku Kampemba tumeamka wazima. Goti la mama yako limepoa, naye anakuulizia kila siku. Umeniuliza kama uache kusokota sufu na kufuma mpaka upate kazi.

Wakati wa Zaire, ofisi moja iliniita kwa mtihani wa daktilo, ule wa kupiga mashine ya kuandika. Nilingojea kwenye banki ya mbao nikifuma pulovere ya baba yangu, maana asubuhi za mwezi wa sita alikuwa anaenda kwenye mugodi wa shaba akitetemeka na baridi. Karani akaita jina langu.

"Citoyen, nimalize kwanza huu mustari," nikamwambia, vile tulivyoitana wakati ule. Niliogopa nyuzi ziponyoke kwenye sindano.

Nilipoinua kichwa, musichana mwingine alikuwa ameshaingia.

Nilirudi na hasira, nikaifumua pulovere yote mbele ya baba. Aliokota uzi, akaukunja polepole ukawa kibonge.

Kazi ingine nilipata mwaka uliofuata. Sindano sikushika tena, na baba alizeeka na koti lake lililotoboka.

Usiache, mutoto wangu. Wakikuita tu, weka chini, hata katikati ya mustari.

Kile kibonge ninacho bado, vile alivyokikunja.

Bibi yako, Kambo