Kofia ya Baba na Punda Saridda

Mume wangu Pino,

Huku Ragusa milozi imechanua, na paka wako amezaa ndani ya buti lako. Mtoto hajambo. Sasa naweza kukuambia: mwezi mzima alikuwa akitapika maziwa ya kila aina, ya ng'ombe na hata ya punda wetu, yaliyochanganywa pamoja. Sikutaka ulie huko baharini peke yako.

Watafiti wa chuo kikuu walipokuja kung'oa nywele za punda wetu ili wachunguze kila mmoja amerithi nini, baba yako alifoka, "Hawa wote damu moja, maziwa yao ni yale yale!"

Majibu yametoka. Saridda, yule punda ambaye baba yako alikuwa akimtukana kwa maziwa mepesi na kutaka kumuuza, amezaliwa tofauti: maziwa yake hayana protini moja iliyomo katika ya wenzake, na huenda ndiyo iliyokuwa ikimtapisha mtoto. Daktari akampa mtoto kijiko kimoja cha maziwa ya Saridda mbele yetu. Hakutapika, Pino! Leo anamaliza chupa na kulilia nyingine.

Baba yako hajakiri kitu. Ila kila asubuhi akifika kwa Saridda anavua kofia: "Umeamkaje, mama?"

Na askofu alipokuja, hakumvulia.

Wako,
Nunzia