Fagio la Mama Uwanjani Japani

Shikamoo Mama,

Huku baridi yauma hadi kwenye kucha, lakini ni mzima, alhamdulillahi.

Kiwanda ninachosomea ufundi kina timu ya besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Wamekuja vijana wa Kimarekani kuongeza ujuzi, na mmoja wao, Dani, ni jirani yangu bwenini. Wallahi Mama, akiupiga mpira hauonekani ulikokwenda! Ila hapa mchezaji hufagia uwanja mwenyewe, awe nani. Jana Dani alifagia akienda mbele, akaacha nyayo zake zote mchangani. Kocha, mzee asiyecheka, akamwambia hachezi mechi ya leo mpaka uwanja uwe safi. Mtoto wa watu, machozi yakamlengalenga.

Nikaenda nikashika fagio. "Rudi kinyumenyume, ndugu yangu. Anayefagia hakanyagi kazi yake." Maneno yako hayo, Mama, ulipokuwa ukinirudisha kufagia ua wetu hapo Mtopanga, nami nimenuna kama samaki bunju. Tulipomaliza hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Kocha akauliza nani kanifunza. Nikamwambia, "Mama." Akauliza uko wapi, nikamwonyesha kule jua linakozama. Basi akavua kofia, akageukia huko, akainama hadi kiunoni. Ndiyo heshima yao kubwa.

Dani leo amecheza, na anakusalimu. Mungu akuweke, Mama, na mgongo usikusumbue. Ile heshima nimeipokea kwa niaba yako tu. Hii hapa, nakuletea.

Mwanao, Salimu