Tanuri Lililovunjwa kwa Ajili ya Warumi

Jumamosi, 6 Juni 2015

Nimerudi sasa hivi kutoka ukumbi wa kanisa. Kura ya kunyoosha mikono! Chama chetu cha mambo ya kale kimefukua tanuri la kale la kuyeyushia chuma tangu kiangazi cha mwaka jana, kwa magoti, kwa miswaki – na leo kimekubali kulivunja. Kisa? Threlfall, mwenyekiti, ameona mstari kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Eti chini ya tanuri kuna ngome ya Warumi, ya enzi walipotawala Uingereza.

Nikasema babu wa babu yangu alipoteza jicho kwenye tanuri hili, na mji wetu umezaliwa hapa. Threlfall akatabasamu. "Wini, bibie, matanuri yamejaa Lancashire nzima. Warumi je?" Watu wakacheka. Rafiki yangu Beryl aliniambia jikoni yuko upande wangu. Ilipopigwa kura akanyoosha mkono kumuunga Threlfall, huku mwingine ukinisogezea biskuti. Biskuti!

Mimi ndiye mpiga picha wa chama. Kwa hiyo nitapiga.

Jumapili, 7 Juni

Wamevunja. Mawe yametupwa kwenye toroli, kisha kwenye lundo la kifusi kando ya uzio. Hakuna jiwe hata moja lililoandikwa namba. Niliuliza. Threlfall akasema mawe ya tanuri ni mawe tu, tusipoteze mwanga. Nikapiga picha mfululizo ili nisifungue mdomo. Nyumbani nimelia kwa hasira, viazi vikaungua.

Jumatano, 10 Juni

Wamefika chini. Udongo wa mfinyanzi, wa njano, haujawahi kuguswa na binadamu. Hakuna ngome. Hakuna hata kigae. Ule mstari ni mtaro wa mkulima.

Threlfall alikaa shimoni, chai ikampoea mkononi. Nilitaka kumhurumia nikashindwa. Sikujaribu sana. Na gazeti la mji ameshalialika, Jumamosi!

Ijumaa, 12 Juni

Mvua tangu jana. Nimepita kule na mbwa, nikakuta kifusi kimeoshwa. Jiwe moja, pembe imemeguka, limelala chali. Upande mmoja masizi. Upande uliokuwa umefichwa ndani ya ukuta – herufi. LEG. Alama ya jeshi la Kirumi!

Niliketi matopeni. Wajenzi wa tanuri waliokota mawe ya Warumi mahali fulani, wakayageuza, wakajengea. Mrumi wao alikuwa ndani ya ukuta wetu muda wote. Tungelifumua tanuri taratibu tungejua jiwe hili lilikaa wapi, na mawe yaliyofuatana nalo ni yapi. Sasa ni jiwe la kifusi. Wapumbavu! Nimempigia Beryl simu. Najua atamwambia Threlfall.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika ndani ya kibanda cha zana. Nimejifungia.

Nilipofika, jiwe halikuwa kwenye kifusi. Liko shimoni, limekazwa vizuri kwenye udongo wa njano, fimbo ya kipimo pembeni. Masizi yamesuguliwa yote – kwa mswaki wangu! Threlfall na Beryl wana matope hadi viwikoni.

"Picha moja tu, Wini," Threlfall akasema. "Bila Mrumi chama hiki kinakufa."

"Jiwe si la uongo, shoga," Beryl akaongeza. "Tumelisogeza tu."

Nikawaambia yale masizi yalikuwa ya watu wetu.

"Sasa nani atauliza habari za masizi?" Threlfall akasema.

Nikawaacha wamesimama.

Mwandishi wa gazeti amefika. Namsikia Threlfall akimwambia mpiga picha wetu anabadilisha betri. Beryl anabisha hodi polepole, ameniletea chai, anasema ameweka sukari mbili kama ninavyopenda. Kamera iko magotini, napitia picha za Jumapili moja moja. Hii hapa, ushahidi. Jiwe lenye pembe iliyomeguka, juu ya toroli, linaelekea kifusini. Anayesukuma ni Threlfall, na anacheka.

Beryl anabisha tena.